Stabilaiza na Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Pikipiki yangu imetikisa kichwa tena! Safari hii ni kwenye mteremko wa kuingia Chuka. Mwendo kilomita sitini, barabara kavu, dereva mwenye akili timamu. Ghafla hendeli ikaanza kwenda kulia kushoto, kulia kushoto, kama mtoto anayekataa uji. Nikaishia ndani ya shamba la mahindi. Mwenye shamba alikuja mbio. Nilidhani anakuja kuniinua. Alipita moja kwa moja kwenda kuangalia mahindi yake.

Na hii si pikipiki ya kuchezewa. Ni ya safari ndefu. Ina kioo cha kukinga upepo, masanduku mawili ubavuni, kiti kama kochi. Niliichukua kwa yule Mzungu wa mradi wa maji alipokuwa akirudi kwao. Aliniambia kwamba ina tabia zake. Nilidhani anaisifu.

Nyumbani mke wangu Jedidah ameona majani ya mahindi kwenye kola yangu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Amesema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ubatizo wa mtoto ni Jumapili, tarehe kumi na nane. Kwamba mtoto amepewa jina la mama yake, Veronicah, na mama yake hajamtia machoni. Kwamba ni mimi, si mtu mwingine, niliyesimama kule kwao Kiritiri mbele ya baba yake, Mzee Ndwiga, na wazee wengine, nikaapa kumleta mama mkwe mwenyewe kwa pikipiki. Basi kama Jumapili hiyo mama yake hatakuwa kanisani, au atakuwa kanisani na mkono kwenye plasta, pikipiki itaenda kwa Bundi na mtamba wa Bundi atakuja kwetu. Mtoto atapata maziwa na mke atapata usingizi.

Bundi! Naibu mwalimu mkuu wa shule yetu. Ana mtamba wa gredi, wa kizungu, anayekaribia kuzaa, na ameitamani pikipiki yangu tangu siku nilipoileta Nkubu. Kumbe wameshazungumza na Jedidah nyuma ya mgongo wangu. Yeye anaendesha kidude kinacholia kama mashine ya kinyozi. Anajivunia kwamba hakijawahi kutikisika. Kitatikisikaje? Kuku hukipita.

Na mama mkwe hawezi kuja kwa gari. Hutapika ndani ya gari kabla halijaondoka. Ukoo mzima unajua.

Jumatano, 7 Agosti

Nimepata dawa.

Chini kabisa ya sanduku la kushoto palikuwa na gazeti la ng'ambo la mambo ya pikipiki, Mzungu alilisahau. Ukurasa wa thelathini na mbili unaeleza ugonjwa wangu wote. Pikipiki za safari huyumba kwa sababu fremu hujipinda kwenye mwendo. Dawa ni kununua stabilaiza ya fremu na kuifunga mwenyewe. Haiji na pikipiki, unaitafuta kando. Ukiifunga, pikipiki hutulia hata ikiwa na mzigo. Nimesoma mara nne, nikasimama nikampigia Mzungu saluti huko aliko.

Picha ya stabilaiza, wanasema, iko ukurasa unaofuata. Ukurasa unaofuata haupo. Nimefanya uchunguzi. Purity, binti yetu mkubwa, alifunikia daftari lake la hesabu. Daftari liko wapi? Lilikusanywa kusahihishwa kabla ya kufunga shule. Na nani? Na Bundi. Huyu mtu amezaliwa kunikingia njia.

Sihitaji picha. Nafundisha sayansi darasa la saba.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimepanga foleni posta asubuhi nzima ili nimpigie simu binamu yangu Oscar, aliye Nairobi. Oscar anafanya kazi katika duka la redio, anajua watu wa vipuri vya kila namna. Laini ilikuwa mbaya. Nilipaza sauti mpaka mama mmoja akatoka nje na mtoto wake. Nikasema nataka stabilaiza. Oscar akauliza ya ukubwa gani. Nikasema kubwa. Akauliza kama kwetu huwa inapanda na kushuka sana. Nikamwambia inapanda na kushuka vibaya, hasa kwenye miteremko. Kisha akasema anaijua, tena wanazo tele pale pale dukani, ataiweka kwenye basi.

Pale pale dukani! Nairobi ni Nairobi.

Nikarudi kwa kupitia kwa Muriithi, fundi wa pikipiki, ili nimringie kidogo. Aliinua gurudumu la mbele kwa goti, akatikisa hendeli mara mbili.

"Mwalimu, hii ni nati ya shingo tu imeregea," akasema. "Nipe spana na dakika tano."

Dakika tano! Fremu nzima inajipinda, wataalamu wameandika kurasa mbili, yeye ananiletea habari ya nati. Nikamuuliza kama amewahi kusikia habari za stabilaiza. Akasema hapana. Nikamshukuru nikaondoka. Asiyejua maana haambiwi maana.

Jumamosi, 10 Agosti

Imefika!

Ni sanduku la chuma, rangi ya majivu, zito kama jiwe la kusagia. Juu lina mkono wa kubebea. Mbele lina taa mbili ndogo na saa yenye mshale. Nyuma lina waya mrefu wenye plagi ya meno matatu. Maelezo yameandikwa kwa lugha ya Mashariki ya Mbali, vijibanda vijibanda, hakuna hata neno moja la kushika.

Nikatumia sayansi. Saa ni ya kupimia mtikisiko. Mshale umekaa kwenye sifuri. Nimelipiga sanduku teke, mshale haukusogea. Hiyo ndiyo kazi ya stabilaiza. Waya nao ulinisumbua mpaka saa sita. Kisha nikakumbuka lori za mafuta, jinsi zinavyoburuta mnyororo barabarani ili umeme uishie ardhini. Nikaelewa. Mtikisiko unaingia kwenye sanduku, unapita kwenye waya na kutokea kwenye plagi. Meno matatu ni ili ushike ardhi vizuri.

Jedidah amelitazama sanduku, mtoto mgongoni. Amesema kitu kama hiki kiko kwa paroko, chini ya televisheni, ili umeme usiiunguze. Nimemweleza kwa upole kwamba paroko naye ana pikipiki.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimeifunga. Kulikuwa na mahali pamoja tu pa kuiweka: katikati ya kiti, nyuma yangu, mbele ya abiria. Vipande vya tyubu kumi na viwili. Haichomoki hata kwa maombi.

Bundi alipita na kidude chake nikiwa kwenye fundo la mwisho. Akazunguka pikipiki mara mbili, mikono nyuma, kama anasimamia mtihani. Akauliza kama inashika habari za saa moja. Kisha akasema ameiona picha ya stabilaiza. Iko kwenye daftari la Purity, ameitazama sana wakati wa kusahihisha. Eti ni vyuma viwili virefu vinavyofungwa chini, ubavuni mwa injini. Havina saa. Havina plagi.

Wivu hauna macho. Nikamwambia hiyo lazima ilikuwa picha ya mwaka wa zamani. Akasema sawa, mwalimu. Akauliza kama mabanda yangu yana nafasi ya mtamba. Nikakaza fundo.

Jaribio: Nkubu hadi Mitunguu na kurudi. Imetikisika mara mbili. Nilisimama nikatazama saa. Sifuri. Basi ule haukuwa mtikisiko, ulikuwa upepo.

Jumanne, 13 Agosti

Balaa.

Nilikuwa namweleza Jedidah jinsi mama yake atakavyokaa: nyuma ya sanduku, miguu hapa, mikono anipitishie kiunoni. Jedidah aliweka sufuria chini. Akaniuliza kama nimesikia nilichosema. Mama yake. Anishike kiuno. Mimi, mkwe wake.

Nthoni! Mimi Mmeru mzima, mtoto wa watu, nimesahau nthoni, ile heshima ya mkwe! Mama mkwe hagusi mkwe. Akiwa njiani akaniona naja, huacha njia akaingia kichakani, na mimi nikitazama kando kama sikuona kichaka kikitikisika. Miaka kumi na moja ya ndoa hatujawahi kupeana mkono. Chakula anakipika yeye, anakileta mtu mwingine. Na mimi nimesimama mbele ya wazee nikasema nitampakia!

Sasa nakumbuka. Niliposema hivyo kule Kiritiri, wazee wote walishusha macho. Mzee Ndwiga alitazama kofia yake kwa muda mrefu sana. Nilidhani wamevutiwa.

Nimemuuliza Jedidah mbona hakuniambia tangu Juni, nilipoapa. Amesema alidhani nina mpango. Mimi ni mtu wa mipango, si ndivyo ninavyowaambia watu? Nimeudhika sana. Mtu akiwa na mke mwenye kumbukumbu hivi, adui wa nini?

Alhamisi, 15 Agosti

Nimefika Kiritiri. Nimefika, hilo ndilo la kuandika kwanza.

Nkubu hadi Chuka, upepo mara sita. Chuka hadi Embu, upepo mara tisa, mmoja ulinitoa barabarani nikasimama mbele ya mbuzi aliyekuwa akitafuna, akaendelea kutafuna. Baada ya Gachoka vumbi likaingia kinywani kwa sababu nilikuwa napiga yowe. Sifuri kwenye saa, njia nzima. Tatizo nimeligundua: stabilaiza imetengenezwa kwa pikipiki yenye mzigo, gazeti lilisema. Bila abiria haijui ifanye nini.

Mzee Ndwiga amenipokea vizuri. Tumekula ndengu na chapati. Aliuliza habari za kazi, habari za mvua, habari za mtoto. Hakuuliza habari ya pikipiki. Nami nilikaa pale nikitafuta maneno ya kusema kwamba nimeshindwa, kwamba mama asije, kwamba ubatizo utafanyika bila mwenye jina. Nikaishia kuomba chapati nyingine. Nilimwona mama mkwe kwa mbali, mlangoni pa jikoni, amesimama na nguo mpya ya mtoto mikononi, ya manjano, ameshona mwenyewe. Alipoona namtazama akaingia ndani. Moyo uliniuma, sifichi.

Ijumaa, 16 Agosti

Mama mkwe amelipatia ufumbuzi tatizo la nthoni. Hakuongea na mimi, bila shaka. Aliongea na mbuzi.

Nilikuwa nafuta vumbi kwenye pikipiki. Yeye akaja upande wa pili wa ua, akasimama karibu na mbuzi aliyefungwa pale, akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni ili mimi nisipotewe na neno.

"Wewe mbuzi, ile chuma iko katikati ya kiti, ni kubwa," akasema. "Mtu akikaa nyuma yake hawezi kuguza mwenye kuendesha. Na iko na mkono ya kushika. Hiyo ni kama ukuta. Ukuta si nthoni?"

Mbuzi akatikisa masikio. Mzee Ndwiga alikuwa kibarazani, akakohoa, akasema kwamba ukuta ni ukuta hata ukiwa na magurudumu. Wazee wawili waliitwa wakaja, wakapima kwa shubiri, wakakubali. Mama mkwe alilifunika sanduku kwa leso, heshima ikakamilika.

Nani sasa anacheka? Bundi ana vyuma vyake viwili vya chini ya injini. Vyuma hivyo vinaweza kumtenga mtu na mama mkwe wake?

Jumamosi, 17 Agosti

Tumefika!

Tuliondoka asubuhi. Kuku wawili sanduku la kulia, ndengu sanduku la kushoto, mama mkwe nyuma ya ukuta, amekaa upande, kitambaa kimefungwa chini ya kidevu. Kabla ya Gachoka nikafika sitini. Hendeli ikaanza. Kuku wakaanza. Mimi nikaanza kusali kimoyomoyo. Mama mkwe peke yake ndiye hakuanza chochote. Nilipofanikiwa kusimama, alishuka, akarekebisha kitambaa, akaliambia sanduku lipunguze mwendo. Nikapunguza.

Ikatokea tena. Na tena. Tulipoingia Embu mjini alishuka kabisa, akaenda mbele ya pikipiki, akashika hendeli na kuitikisa, vilevile kama alivyofanya Muriithi. Kisha akarudi kwenye sanduku.

"Wewe sanduku, ambia mwalimu hii kitu shingo imelegea," akasema. "Kwetu mkokoteni ya punda ikitingika hivi, hatununui sanduku. Tunakaza nati. Ambia yeye mimi nataka kufika kwa mtoto nikiwa mzima."

Ningeweza kumweleza habari ya fremu kujipinda. Lakini utabishanaje na mama mkwe? Huruhusiwi hata kumtazama. Nthoni imenifunga mdomo. Nikasukuma pikipiki hadi kwa fundi wa kwanza, naye akakaza nati kwa kuzungusha mara moja na nusu huku akiongea na mtu mwingine. Nikakubali, ili kumridhisha mzazi.

Sasa sikiliza ajabu. Kutoka Embu hadi Nkubu haikutikisika hata mara moja! Miteremko yote, kona zote, hata ule wa Chuka. Nilipita shamba la yule bwana wa mahindi kwa sabini na mkono mmoja. Kuku walilala.

Nilitafuta sababu, nikaipata tulipofika. Plagi haipo. Imekatika njiani kwa kuburutwa, nadhani karibu na Runyenjes. Kumbe ndivyo ilivyo: mtikisiko ulijaa kwenye waya, waya ukakatika, ukatoka wote kwa mara moja. Na chombo chochote kipya lazima kipate moto kwanza. Nimeandika haya pembeni ya ukurasa wa thelathini na mbili.

Jumapili, 18 Agosti

Mtoto amebatizwa Veronicah.

Padre alipotaja jina, wote wawili waligeuka, yule wa miezi mitatu kwa bahati na yule wa miaka sitini kwa kujua. Nguo ya manjano ilimtosha. Mama mkwe alimshika mtoto mikononi misa nzima, hakumpa mtu, akawa anamnong'oneza Kimbeere sikioni. Jedidah alilia. Mimi niliingiwa na vumbi machoni, kanisa letu lina vumbi sana mwezi wa nane.

Tulipotoka, Bundi alikuwa amesimama nje ya lango na mtamba kwenye kamba. Alikuja naye kabisa! Ameogeshwa, ana utepe shingoni. Alimwona mama mkwe akitoka na viungo vyote, akabadilika rangi. Nikamsalimu kwa adabu zote. Nikamuuliza kama mtamba naye anabatizwa leo.

Jedidah aliuliza ushauri wa mama yake juu ya pikipiki. Mama akasema ibaki, mwendeshaji si mbaya akielekezwa. Pikipiki imebaki! Bundi amekokota mtamba wake kurudi nyumbani, kilomita tatu, mlima.

Muriithi naye alikuja kula. Alitikisa hendeli kidogo, akaniambia nimefanya vyema kukaza ile nati. Nimemwacha na ujinga wake, ilikuwa siku ya furaha.

Jumatano, 21 Agosti

Mambo mazuri. Mama mkwe yuko nasi hadi Jumamosi. Amelichukua sanduku analikalia anapomwogesha mtoto, eti urefu wake ni sawasawa. Basi leo nimeenda Mitunguu na kurudi bila stabilaiza. Na haikutikisika! Nimefikiri njia nzima nikafikia jibu: utulivu umeshaingia kwenye fremu. Chuma hujifunza. Sanduku halihitajiki tena kwa pikipiki hii, linaweza kutibu nyingine. Nimempigia Oscar aniletee sita. Kuna pikipiki nyingi za serikali zinazoumwa katika mkoa huu.

Kasoro ni moja tu. Hendeli imekuwa nzito kidogo kwenye kona, na najua ni kwa nini. Yule fundi wa Embu alikaza mno. Mama mkwe alikuwa anapiga domo na majirani, hakuniona. Nimeazima spana ya Muriithi, nikailegeza nati mzunguko mmoja na nusu, ikarudi palepale Mzungu alipoiacha. Sasa inageuka kwa kidole.

Jumamosi namrudisha mama mkwe Kiritiri. Sanduku litabaki kwa mtoto, kwa hiyo kati yetu tutaweka gunia la viazi, wazee hawatakataa. Bundi alipita jioni kuuliza safari ni siku gani. Alikuwa mpole sana. Akatikisa hendeli kidogo, akatabasamu, akasema basi mtamba hatamuuza wiki hii. Sijui mambo hayo mawili yanahusiana vipi.